Mama mkwe aliandaa kuku wawili wa mapacha, kumbe nilibeba mtoto mmoja na mimba zabibu

Wakuu, hamjambo humu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kovu la upasuaji ninalo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Naishi Shirere, na safari yangu ndefu ni Malava kwa mama mkwe.

Mwaka juzi nikashika mimba. Miezi mitatu, tumbo la miezi mitano. Natapika mpaka maji. Damu nayo inatoka kidogo kidogo.

Mama mkwe, ambaye amezaa mapacha, akaniangalia mara moja. "Hawa ni wawili. Mapacha husumbuanga hivyo. Nimeshaweka kuku mbili, moja ya kila mtoto."

Nikakubali. Form four nilimaliza, biology C, lakini nikaamini kuku.

Damu ilipozidi, mume wangu akanipeleka hospitali. Daktari wa skani akapitisha mashine tumboni mara mbili.

Halafu akasema kuna mtoto mmoja mzima, moyo unapiga. Kando yake kuna mimba zabibu: haina mtoto, ni kondo la nyuma lililovimba likawa vishada vya maji. Mimi kwenye skrini niliona mayai ya chura.

Hakunificha. Wengi hushauriwa kuitoa. Nikiendelea, naweza kuvuja damu vibaya, presha ipande, na mtoto huenda asifike.

"Na mtoto mwenyewe ana shida?" nikauliza.

"Kwa sasa yuko sawa."

"Basi tumngoje."

Nilikaa wodini sana, mpaka wagonjwa wapya wakawa wananiuliza mimi choo kiko wapi.

Wiki ya thelathini na mbili presha ikapanda, wakanipasua. Kijana, kilo moja na nusu, analia kama mwenye shamba.

Mama mkwe akaja na kuku wote wawili, wamepikwa. Akamchungulia mtoto. "Huyu ni Mukhwana."

Kwetu hilo ni jina la pacha. "Mama, si amezaliwa peke yake?"

"Alivumilia mgeni mbaya miezi yote hiyo. Jina ni lake. Na hii kuku ya pili ni yako, kula."

Nilikula, wakuu, huku nalia.

Baadaye nilipimwa damu kila wiki, kisha kila mwezi, bila kushika mimba nyingine, maana mabaki ya zabibu yanaweza kugeuka saratani. Kipimo cha mwisho kimerudi safi.

Somo: ukiona damu, nenda skani, usingoje kuku. Na ukishazaa, rudi upimwe.

Aliyepitia haya aandike hapa chini, tuongee. Na mnaotaka kuuliza pacha wa Mukhwana yuko wapi, ulizeni tu, Shirere nzima imeshauliza.