Aliyegonga Chini ya Uwanja

Mara ya kwanza nilipomwona akikimbia nilisahau kubonyeza saa. Alikuwa Mkongo wa miaka ishirini na kidogo, mrefu, miguu myembamba, akiishi chumba cha kupanga katika mtaa wa La Rochelle, Johannesburg. Klabu ilimtoa kwenye riadha, na mpira wa raga alikuwa ameugusa kwa majuma machache tu. Mimi ni Mkenya. Nilihamia Johannesburg kwa sababu ya kazi ya mke wangu benki, na kwa kuwa nyumbani nilicheza winga, klabu moja ya kulipwa kusini mwa jiji ilinipa kazi ya kuwafundisha mawinga wake. Kocha mkuu aliniambia, "Mbio anazo. Mtengenezee mikono."

Mikono yenyewe ilikuwa balaa. Katika raga winga husimama pembeni kabisa, na mara nyingi mpira humjia kutoka juu, ukizunguka vibaya kwa sababu ya umbo lake la yai, huku wapinzani wakimjia mbio. Yeye aliupokea kama mtu anayetupiwa gunia la mkaa: anafumba macho, anakumbatia hewa, mpira unamgonga kifuani na kwenda zake.

Nikaanza naye mwanzo kabisa. Nilimlaza chali kwenye nyasi nikawa namdondoshea mpira usoni. Nilimrushia mipira ya tenisi adake kwa mkono mmoja. Siku nyingine niliupaka mpira sabuni. Nilimfundisha kuinua mikono mapema, kubana viwiko, na kupaza sauti "Yangu!" ili wenzake wampishe. Tulielewana kwa Kiswahili, changu cha Nairobi na chake cha Kolwezi. Aliniita papa kocha, ingawa mimi si mzee kiasi hicho.

Baridi ilipokwisha alikuwa anadaka mipira ambayo hata mimi wakati wangu ningeiacha. Isipokuwa katika kona moja. Uwanja wetu ulikuwa chini ya kilima cha mchanga wa manjano uliotolewa migodini zamani, na kona ya upande huo ilipakana na mikaratusi. Pale, kila mpira uliomjia ulianguka. Wala hakuwa anakosea. Hakuinua mikono kabisa. Alisimama ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyesikia akiitwa jina, na mpira ukadunda kando yake.

Kocha mkuu alianza kuchoka. "Anaogopa," alisema. "Mwoga simpangi."

Mchana mmoja, wengine walipokwenda kunyanyua vyuma, nilimrudisha kwenye kona ile peke yake. Nikapiga mpira juu. Ukaanguka hatua moja kutoka alipokuwa, hata hakuutazama.

"Kijana, unaogopa nini?"

"Siogope mpira, papa kocha." Aliangalia nyasi. "Kuko batu huku chini."

Nilidhani lafudhi yake imenipotosha. Watu? Chini wapi? Akapiga magoti, akaweka sikio ardhini, akaniashiria nifanye vivyo hivyo. Jua lilikuwa la utosi, nyasi zilikuwa za moto shavuni. Nilisikia malori ya barabara kuu tu. Kisha nikasikia. Ko. Ko-ko. Kama mtu anayebisha mlango kwa adabu, vyumba kadhaa kutoka ulipo.

Akasimama na kukanyaga chini mara mbili kwa kisigino cha kiatu. Kukawa kimya. Halafu, kutoka chini, mara mbili.

Malaika yalinisimama mwili mzima. Yeye alitulia. Alinieleza, huku akifunga kamba za viatu, kwamba baba yake alikuwa mchimbaji huko kwao. Udongo ukiporomoka, walio ndani hugonga jiwe, na walio nje hujibu ili wa ndani wasikate tamaa. Baba yake aligonga kwa muda mrefu, yeye akimjibu juu, hadi upande wa chini ukanyamaza. Hata hapo aliendelea kujibu, mpaka wajomba wakamwondoa kwa nguvu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja wa uwanja. Hakucheka. "Eish, hao ni zama zama," alisema. Ndivyo wanavyoitwa wanaoingia kwenye migodi iliyofungwa kutafuta dhahabu kwa siri, wengine wakikaa huko miezi bila kuona jua. Alipiga simu mbele yangu kwa kila aliyeweza kumfikiria. Waliahidi kuja, hawakuja. Tukahamishia mazoezi upande wa pili wa uwanja, na huko kijana wangu hakuangusha kitu.

Zikaja mvua za majira ya joto, zile za radi za alasiri. Baada ya moja iliyofurika hadi barabarani, tulirudi mazoezini asubuhi, timu nzima. Nilipiga mpira juu katikati ya uwanja. Akaita "Yangu!", akaruka, akaudaka vizuri kabisa, kisha akasimama palepale ameukumbatia.

"Papa kocha. Wametoka kwenye kona. Wako hapa."

Safari hii tulisikia wote. Tulisikia kwa nyayo, kupitia njumu za viatu. Mshambuliaji wetu mmoja, jitu la shamba lisilonyamaza kamwe, alivua kofia. Mlio ule ulikuwa unasogea. Ulisikika, ukatulia, ukasikika mbele kidogo, nasi tukawa tunaufuata polepole, wanaume wazima kwenye jua la asubuhi, kama watu walio nyuma ya jeneza. Ulikoma karibu na milingoti ya goli. Pale nyasi zilikuwa zimebonyea kama sahani.

Waokoaji walikuja safari hii. Muda wote wa kuchimba, kijana alilala kifudifudi kando ya mbonyeo ule, akipiga ardhi kwa kiganja na kuita kwa Kiswahili, na kwa Kizulu kidogo alichokiokota mitaani. Alasiri walitoa wanaume wanne, wamejaa tope hadi kwenye kope, wote hai. Mmoja, Msotho wa makamo, aliketi amejifunika blanketi akaomba kutushukuru. Mchezaji wetu mmoja alitutafsiria.

"Anasema asanteni kwa kuwagongea njia."

"Mwambie hatukugonga," nilisema. "Wao ndio waliogonga."

Mtu yule alitikisa kichwa, akasema wao hawakugonga popote. Maji yalichukua vyombo vyao vyote usiku wa mvua. Walikuwa wamelala gizani, wanabana pumzi. Wakasikia kugongwa mbele yao wakatambaa kuufuata mlio. Walipochoka, ulisimama ukawangoja. Nikauliza walikuwa huko tangu lini. Akasema waliingia juma lile lile.

Sisi kwenye kona ya mikaratusi tulikuwa tumesikia tangu mwisho wa baridi.

Nilimtafuta kijana kwa macho. Alikuwa ameketi peke yake, amejifunika uso kwa jezi. Nikakaa karibu naye.

"Miye nilijua ile mkono, papa kocha," alisema ndani ya jezi. "Kila mutu anagonga ya kwake."

Uwanja ulifungwa, shimo likajazwa zege, nasi tukahamia viwanja vya shule moja ya jirani. Msimu huo alianza winga katika kila mechi. Nimemwona akipokea mpira kwenye mvua ya mawe, mabeki wawili wakiwa juu yake, na kuondoka nao hadi mstari wa mwisho. Magazeti humwita mwenye bahati ya mikono.

Jumapili huja kwetu kula baada ya kanisa. Siku moja, mke wangu akiwa jikoni, nilijikaza nikamuuliza kama huwa anasikia tena.

Alitafuna chapati polepole. "Hapana," alisema. "Toka ile siku, kimya." Akaangalia sakafu yetu ya vigae. "Nyinyi mlifurahi kwamba imekwisha. Miye, nilikuwa nimeizoea."

Mke wangu aliingia na sufuria, akamwona, akamwongezea mchuzi bila kumuuliza.