Wavu wa Madirisha ya Mbele

Nilifika Morogoro juu ya behewa la kokoto, wakati reli ya Wadachi ilikuwa imefika mjini si muda mrefu. Sikuwa na shughuli. Shule ya serikali kule pwani nilikuwa nimeiacha kabla sijajua kugawanya, na tangu hapo kazi yangu ilikuwa kutazama wengine wakifanya kazi na kuwauliza maswali mpaka wananichoka. Pale mjini nilimpata seremala mmoja asiyechoka. Alikuwa Mluguru wa milimani juu kabisa, kule ambako ukungu huondoka jua likiwa utosini na watu hulala na moto ndani ya nyumba. Alikuwa akiunda mashua ya mvule kwa Mdachi mmoja mpima ardhi. Ikiisha ingepakiwa kwenye treni hadi penye daraja la Ruvu, halafu iteremke na mto kuelekea baharini. Nilimuuliza kwa nini mashua inaundwa huku na mto uko mbali.

"Mbao ziko huku," alisema. "Kule kuna maji tu. Shika huo msumeno."

Nikaushika, nikabaki.

Mashua ilikuwa na vyumba viwili vidogo. Cha nyuma kilikuwa cha mpimaji, cha mbele cha kuweka unga na kulala watu. Kila kimoja kilikuwa na madirisha mawili, upana wake kama sinia. Mpimaji alitaka madirisha yawekwe wavu, kwa sababu, alisema, homa inaletwa na mbu. Mjini watu walicheka. Wote tulijua homa inatoka kwenye hewa nzito ya mabondeni. Fundi hakucheka, kwa kuwa mjomba wake hakucheka.

Kwa Waluguru mwenye neno juu ya mtu ni mjomba, ndugu wa mama. Mjomba wa fundi alikuwa amepoteza wapwa wawili waliochukuliwa kubeba mizigo huko chini. Hakurudi hata mmoja, na kilichorudi ni habari kwamba ni homa. Sasa mpimaji alimtaka fundi aende na mashua ili ikivuja awepo wa kuiziba. Mzee akateremka kwa miguu, akasimama uani mbele ya mpimaji na mundu wake kiunoni, akasema Kiluguru chake, na fundi akawa mkalimani wa maneno yanayomhusu mwenyewe.

"Mwambie umebaki wewe tu kwa dada yangu. Mwambie utalala kama anavyolala yeye. Akijifungia wavu, na wewe ujifungie wavu. Hataki, mashua yake iende bila wewe."

Mpimaji alikubali kabla fundi hajamaliza kutafsiri.

Wavu wa waya ulikuja na treni kutoka Dar es Salaam, umeviringishwa kama mkeka. Maji ya chumvi yalikuwa yameupata melini. Mizunguko ya nje ilikuwa kutu tupu, ukiigusa inavunjika kama dagaa. Sehemu nzima ilitosha madirisha mawili. Mpimaji aliipima mwenyewe, akasema ni ya nyuma.

"Na ya mbele, bwana?" fundi aliuliza.

"Tafuta kitambaa. Mbu hajui tofauti."

Basi tukatafuta. Mimi nilitengeneza chombo cha kujaribia: chemni, kile kioo cha taa, iliyovunjika mdomo. Nilikuwa nakamata mbu kwenye madimbwi ya Mwembesongo, nawatia ndani, naziba upande mmoja kwa nta na upande wa pili kwa kile tunachokijaribu. Tulianza na chekeche la mama mmoja aliyesukia nusu ya mji machekeche ya unga. Mbu walipita bila hata kuinama. Kaniki haikupitisha mbu wala hewa. Fundi alijifunika nayo usoni, akaivua, akasema hiyo itamuua kabla ya homa. Mwisho tukaenda dukani kwa Mhindi, tukauliza melimeli, kile kitambaa chepesi cheupe.

"Ya kilemba?" mwenye duka aliuliza.

"Ya dirisha."

"Tangu lini dirisha linavaa kilemba?" Akamwita mkewe kutoka ndani aje atuone.

Mbu hawakuipenya melimeli, na ukipuliza, pumzi inapita. Lakini nyuzi zake zilitembea. Ukigusa kwa kidole, panabaki tundu la kupitisha nyuki. Hapo fundi akakumbuka dobi anavyotia kanzu wanga. Akapika uji mwepesi wa muhogo, akaipaka melimeli ikiwa imevutwa kwenye fremu, akawa anaupuliza kwa mdomo kabla haujakauka ili vijitundu visizibe. Ilikaukia juani, ikakaza kama ngoma. Fremu zenyewe aliziunga kwa kuchomeka ubao ndani ya ubao, bila msumari. Mjomba alipoteremka tena aligonga kitambaa kwa ukucha, akasikiliza, akasema, "Haya."

Mashua ilipokwisha tulipanda nayo treni, mimi kama msaidizi wa fundi, na mtoni tukakuta wapiga upondo wanne wa kuisukuma, watu wa huko huko, waliozaliwa kwenye mbu. Walitutazama tukifunga madirisha.

"Fundi, na kuku wenu huko milimani mnawafungia hivi hivi?"

"Tunawafungia. Ndiyo maana hawana maneno mengi."

Walimpenda kwa jibu hilo. Wao walilala ukingoni kando ya moto wa majani mabichi, na sisi wawili tukalala chumba cha mbele katikati ya magunia ya unga. Mwanzoni ilikuwa raha. Mbu walilia nje ya melimeli, na fundi akasema, "Sikiliza wanavyopiga hodi."

Lakini magunia yale yalikuja na mende. Asubuhi moja niliamka nikaona mwanga unaingia kwa vidoa kwenye mguu wa fundi. Kandokando ya fremu, pale uji ulipokuwa mzito, kitambaa kilikuwa kimetafunwa, na mende wawili walikuwa bado wanatembea juu yake bila haraka. Walikuwa wamekula uji, na nyuzi zikaenda pamoja nao. Tulitoa magunia, tukawaua tuliowaweza, tukaziba kwa vipande vya shati la fundi. Kulipokucha tena matundu yalikuwa mahali pengine, na unyevu wa mto ulikuwa umelegeza kilichobaki.

Fundi alikwenda nyuma. "Bwana, ulimpa mjomba neno."

Mpimaji alikuja, akainama, akatazama. Alisema anasikitika. Angeagiza waya mwingine tukifika. Fundi akaomba alale sakafuni kwake hadi hapo.

"Hakuna nafasi. Vyombo vyangu haviwezi kulowa."

Ilikuwa kweli, sakafu ilijaa. Masanduku ya vyombo vya kupimia yalilala nyuma ya waya, na fundi akahamia ukingoni kwenye moshi. Wapiga upondo walimsogezea mahali pazuri. Tayari alikuwa ameshaumwa na mbu miguu yote.

Siku kumi hivi baadaye homa ilimshika adhuhuri, jua kali, meno yakigongana. Alicheka kidogo. "Ukungu umenifuata," alisema. Mpimaji alimpa vidonge vya kwinini kwa mkono wake, fundi akavitapika. Mkojo wake ukawa rangi ya kahawa. Mimi nami ilinishika, nikatetemeka kama nilivyotetemeka tangu utotoni, nikainuka. Yeye hakuinuka. Tulimzika ukingoni kabla hatujaiona bahari, na sanda yake ilikuwa shuka ya yule yule aliyemtania habari za kuku.

Sikuendelea na mashua. Nilichukua fremu moja nikapanda nayo kwa mjomba.

"Shikamoo, mzee."

Alitazama fremu kwanza. "Marahaba." Akaipokea, akapitisha kidole kwenye tundu. Kiswahili alikijua, kumbe. "Nini kimekula?"

"Mende."

"Na ya Mdachi?"

"Ya waya. Nzima."

"Wewe ulilala wapi?"

"Humo humo, naye. Ilinishika pia. Sisi wa pwani tunakua nayo."

"Basi mngelala humo nyie wa pwani," alisema mzee.

Alishika pembe mbili za fremu akaipinda kwa nguvu zake zote, na maungio hayakulegea. Akamwita dada yake. Mama yule alitoka, akaketi chini, akabandua melimeli iliyobaki kwa kucha, kipande kwa kipande, mpaka mbao zikawa tupu. Halafu akaiingiza fremu ndani, akaiweka darini juu ya moto, wanakotunza mbegu, ambako kwa ajili ya moshi mdudu hafiki.

Hakuna aliyeniambia nikae. Nikateremka kabla ukungu haujafunga njia.