Samaki wa Kukhu Chini ya Saruji

Wiki jana binti yangu aliambiwa na mwalimu achore kisukuku, kiumbe wa kale aliyegeuka jiwe. Wenzake wangetafuta kwa simu za wazazi. Nikamwambia, simu ya nini? Kwa kukhu, Shinyalu, kuna samaki mzima ndani ya jiwe.

"Mama, uongo."

Nikamvalisha viatu, tukapanda boda.

Kama ulilelewa upande huo, rafiki, unazijua asubuhi zake: moshi wa kuni mbichi, mbega wakinguruma msituni, miguu imelowa umande. Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, aliolewa kutoka upande wa ziwa. Babake alikuwanga mvunja mawe huko, na siku ya kuolewa akampa lile jiwe. Lilikuwa bapa, rangi ya uji wa wimbi, na samaki amelala ubavu juu yake. Mapezi yake yalikuwa na vijiti vyembamba vilivyotandazwa kama vya mwavuli, sawasawa na vya samaki ngege tuliyemla na obusuma, ugali wetu, siku ya soko. Nilikuwa nikivipapasa mpaka kukhu anifokee, "Toa mkono, unamtekenya!"

Kazi yangu ilikuwa maji. Kabla mtu yeyote hajanawa uso, nilimmwagia samaki kikombe kimoja, hata kiangazi, hata kisima kikitoa matope. "Mgeni ananawa kwanza," kukhu alisema. Jirani yetu, mtu wa kanisa, alisema samaki huyo ni wa gharika ya Nuhu. Mwalimu wa sayansi akasema ni wa mamilioni ya miaka, alizama kwenye tope la ziwa na tope likawa jiwe. Sasa kama amekufa zamani hivyo, maji ni ya nini? Na kama ni mgeni, mbona hatoki kwenda kwao? Nilimuuliza kukhu. Akacheka, akanipa kiazi. Mpaka leo sielewi.

Kukhu alituacha nikiwa sekondari. Jiwe likabaki kando ya mlango.

Tulipofika, mlango ni mpya na ngazi ni ya saruji. Jiwe hakuna. Mjomba wangu alikuwa amekaa juu ya ngazi hiyo, anakunywa chai.

"Mjomba, jiwe la kukhu liko wapi?"

"Si hili nimekalia? Lilikuwa bapa, likaingia msingi vizuri sana."

"Lilikuwa na samaki!"

"Samaki gani hana nyama? Ningemkaanga." Akacheka peke yake.

Nikamwomba nyundo. Akasema nikivunja ngazi nitamjengea nyumba nzima. Nilimwambia maneno ambayo binti yangu hakupaswa kuyasikia. Samaki alizikwa na tope, babu wa mamangu akamfukua, na sasa mjomba amemzika tena, kifudifudi, ili apate pa kuwekea kikombe!

Binti yangu alikuwa ameshakaa chini na penseli. Mwili akauchora, mkia akauchora.

"Basi niambie wewe, mama. Pezi la mgongoni lilikuwa moja au mawili?"

Mimi, niliyemwosha kila asubuhi ya utoto wangu. Nikanyoosha kidole hewani, nikapapasa, nikatafuta vile vijiti.

"Mama?"

Sikujua. Nilichota kikombe cha maji, nikakimwaga juu ya saruji, mjomba akaruka na chai yake.