Kadi Nne za Kung'oa

Nilifundisha hisabati kwa miaka mitatu katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya Siakago. Mtu niliyekuwa karibu naye zaidi huko alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mwanamke aliyenizidi umri kwa miaka kama sita. Mimi nilimwita Madam, yeye aliniita Mwalimu, na hata tulipozoeana hatukubadilisha. Yeye alikuwa mwenyeji wa upande wa Gachoka. Mimi ni Mmeru wa milimani, nimeletwa na barua ya kazi mahali penye jua kali, na baada ya masomo sikuwa na la kufanya.

Kadi zilikuwa zake. Dada yake anayeishi ng'ambo alimtumia sanduku zima, akamwambia atafute mtu wa kucheza naye. Hazikuwa karata za kawaida. Nyingine zilikuwa ardhi, unaweka moja mezani kila zamu ili ikupe nguvu. Nyingine zilikuwa viumbe, unawalipia kwa hiyo nguvu nao wanakupigania. Na nyingine zilikuwa uchawi. Kila mchezaji hujichagulia kadi sitini, na hizo ndizo deki yake. Madam aliusoma mwongozo wote, kisha akanifundisha kwa subira, huku nikishindwa wiki nzima bila hata mara moja ya kujifariji.

Neno uchawi lilituponza. Mwalimu wa dini alinisikia katika chumba cha walimu nikisema, "Madam, leo nimekumaliza na uchawi," akaweka kikombe chake chini polepole. Kuanzia siku hiyo Madam alisema tubadilishe lugha. Uchawi wa kuondoa kiumbe cha mwenzako mezani tukauita kung'oa. "Nimeng'oa nyuki wako." "Ng'oa tu, niko na wengine." Aliyepita karibu alidhani tunazungumzia shamba.

Kila mmoja wetu alicheza kwa tabia yake. Madam alipenda viumbe wadogo wa bei rahisi, nyuki na mbwa mwitu, akiwarusha mezani tangu zamu ya kwanza na kunishambulia kabla sijajipanga. Mimi nilipenda kungoja. Nilijilinda, nikajenga ardhi yangu, kisha nikatoa mnyama mmoja mkubwa na kumaliza kazi. Sanduku lilikuwa moja, kwa hivyo kila tulipojenga deki tuligawana, na hatukuwahi kukosana.

Ndipo tukasikia kwamba kuna mashindano Meru mjini, Jumamosi moja ya likizo. Madam alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Alishona mifuko miwili ya kitambaa ya kubebea deki, wa kwangu wa kijani. Alhamisi tukaketi kwenye meza ya chumba cha walimu, shule ikiwa tupu, tugawane kadi kwa mara ya mwisho.

Shida ilikuwa kadi za kung'oa. Sanduku zima lilikuwa na nne tu nzuri. Kila moja iligharimu ardhi mbili, na iliondoa kiumbe chochote papo hapo, hata katika zamu ya mpinzani. Zilizobaki zilikuwa nzito. Zilitaka ardhi tano, na mchezaji wa mbio kama Madam mara nyingi humaliza mchezo, au humalizwa, akiwa na tatu.

"Hizi nne tugawane mbili mbili," akasema.

Mimi nilikuwa nimeshazipigia hesabu nyumbani. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari ni mara ngapi deki yake ingefikisha ardhi tano kwa wakati, na jibu halikuwa zuri. Nilijua kwamba kama kuna aliyestahili zote nne, ni yeye. Mimi wa kungoja ningeweza kulipia zile nzito bila taabu. Lakini nilikuwa nimeanza kujiona mezani Meru, watu wamenizunguka.

"Madam, sikiliza," nikasema. "Deki yako ni ya kushambulia. Kila kadi ya kung'oa unayoweka inachukua nafasi ya nyuki. Wewe unataka chache tu, zenye uzito, za kumalizia."

"Na wakinitolea mnyama mkubwa anizuie?"

"Hawatafika huko. Utakuwa umeshawamaliza."

Nilimchorea hata jedwali ubaoni. Niliongea taratibu, kwa sauti ninayotumia kumwelezea mwanafunzi wa kidato cha kwanza, na alipokunja uso nilirudia. Alizitazama zile nne kwa muda, kisha akazisukuma kwangu.

"Haya. Wewe ndiye wa hesabu."

Mashindano yalikuwa katika ukumbi mdogo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa watu kama ishirini, wengi wanafunzi wa chuo, na Madam alikuwa mmoja wa wanawake watatu. Alishinda mchezo wa kwanza upesi, na wa pili pia. Kila aliposhinda alinitafuta kwa macho ukumbini na kuinua kidole gumba.

Mchezo wa tatu alipangiwa kucheza na mwenye malori kutoka Maua, mwanamume Mwislamu wa makamo, mpole, aliyekuja na kitambaa chake cha kutandika mezani. Mimi nilikuwa nimemaliza wangu, nikasimama nyuma yao. Madam alianza kwa kasi. Katika zamu ya nne yule bwana akatoa kifaru mkubwa, akamweka katikati, na nyuki wote wa Madam wakawa hawana pa kupita. Niliona kadi zilizokuwa mkononi mwa Madam. Mbili zilikuwa za kung'oa, zile nzito. Mezani alikuwa na ardhi tatu.

Alingoja ardhi zamu baada ya zamu, haikuja. Hakulalamika. Alipoona ameshindwa alinyoosha mkono, wakasalimiana.

"Dada, deki yako ni nzuri sana," yule bwana akamwambia, akizitazama kadi zake kwa ruhusa yake. "Lakini deki ya mbio kama hii inataka kung'oa kwa bei rahisi. Hizi za tano zitakukwamisha kila siku. Nani alikushauri?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Madam hakugeuka kunitazama.

"Nilijichagulia mwenyewe," akasema. "Bado najifunza."

Hapo ndipo ningesema. Neno moja lingetosha, hata la mzaha, hata kwamba ni mimi niliyekosea hesabu. Nilijifanya nasoma orodha ya michezo iliyobandikwa ukutani.

Katika nusu fainali mimi ndiye niliyekutana na yule bwana. Nilizipata kadi zote nne. Ya kwanza ikang'oa kifaru. Ya pili ikang'oa kiumbe kilichofuata. Nilipoweka ya tatu alitabasamu, akasema ninacheza vizuri. Nilipoweka ya nne aliacha kutabasamu. Aliitazama ile kadi, kisha akatazama kule Madam alikokuwa ameketi na chupa ya soda, kisha akanitazama mimi. Watu walikuwa wamesikia siku nzima kwamba tunatoka shule moja na sanduku letu ni moja.

"Kumbe ziko huku," akasema. Akakusanya kadi zake, akakunja kitambaa chake.

Fainali nilishindwa na kijana wa chuo, nikapewa pakiti mbili za kadi mpya kama mshindi wa pili. Tukirudi Siakago nilimpa Madam moja.

"Ni zako, Mwalimu. Wewe ndiye umeshinda," akasema, akaanza kuniuliza kama mtihani wa muhula umeshachapishwa.

Shule ilipofunguliwa alileta lile sanduku na kuliweka mezani kwangu. Alisema ana kazi nyingi za kusahihisha, nikae nalo nicheze na wengine. Hakukuwa na wengine. Tuliendelea kusalimiana, kuketi pamoja saa ya chai, kuongea habari za wanafunzi. Mwishoni mwa mwaka ule alihamishwa akafundishe karibu na kwao. Katika sherehe ya kumuaga nilitoa hotuba fupi, nikamsifu kwa uvumilivu, na nilisikia aibu niliposema neno hilo.

Ilinichukua mwaka mmoja na nusu kwenda Gachoka. Nilibeba lile sanduku. Alinikaribisha vizuri, akanipa ndengu na chapati, akanionyesha kisima kipya. Tulipomaliza kula nilimwambia yote, nikaanzia kwenye lile daftari langu.

"Mwalimu, mimi nilijua hapo hapo Meru, yule mzee aliponiuliza," akasema. "Ungeniambia unazitaka, ningekupa zote nne. Kwani ni nini? Ni karatasi. Kile kilichoniuma ni vile ulinifundisha. Ulisimama ubaoni ukanifundisha uongo, na mimi nikakuuliza maswali."

Nikaomba msamaha, naye akasema amenisamehe, tena alisema mara mbili. Nikamwuliza kama tunaweza kucheza hata mchezo mmoja kabla sijaondoka.

Alicheka kidogo. "Aii, nimesahau sheria zote."

Sikuamini kwamba amesahau, lakini sikumbishia. Sanduku alilipokea, akasema atampa mpwa wake aliye Embu. Alinisindikiza hadi barabarani, tukaongea kuhusu mvua iliyokuwa imechelewa na maharagwe yake yaliyoanza kunyauka. Tangu siku hiyo hunitumia ujumbe wakati wa Krismasi, nami humjibu. Mwaka jana nilimwandikia mimi kwanza, nikamwuliza habari za maharagwe. Alijibu kwamba msimu huu yamefanya vizuri, akanitakia kazi njema.