Siku Niliyomwita Mama Mwenyeji

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata upepo wake. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia, maduka ya Mwanza yakaanza kujaa vitu na wazungu wakaanza kuja kutembea. Nilikuwa na Kiingereza cha sekondari na jinzi ya mitumba, nikapata kazi ya kuongoza wageni kwenye boti ya tanga. Tulitoka asubuhi, tukazunguka visiwa vidogo, tukarudi jioni. Ungenisikia siku zile ungedhani ziwa lile nimelichimba mimi.

Nahodha wetu alikuwa mzee Magesa, Mkerewe asiyependa maneno mengi. Kazi yake tanga, yangu domo. Njiani niliwatajia wageni majina ya ndege, nikawafundisha kwamba kwetu mkubwa huamkiwa shikamoo. Wakaniuliza nimezaliwa wapi, nikasema Mwanza mjini. Uongo mtupu. Nilizaliwa kisiwani, katika nyumba ya nyasi, na mama yangu alikuwa mwanika dagaa. Nilidhani mtoto wa mjini ataheshimiwa zaidi.

Siku hiyo upepo ulilegea, mzee Magesa akaamua tupumzike kwenye kisiwa chetu hicho hicho. Mama alituona tangu mbali. Akashuka ufukweni mbio, miguu mitupu, kanga imelowa, mikono inanuka dagaa. Wageni wakamwamkia shikamoo wote kwa pamoja, kama darasa la kwanza. Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Marahaba, wanangu. Baba, waambie mimi ndiye mama yako."

Nikawageukia wageni, nikasema kwa Kiingereza kwamba huyu ni mwenyeji tu wa hapa, amefurahi kuwaona. Nilisema bila hata kumeza mate, mwanangu.

Mama akajifunga kanga vizuri, akasubiri. Kwetu, mgeni akishaambiwa huyu ndiye mama wa aliyemleta, humwendea na kumpa mikono miwili. Hakuna aliyemwendea. Walimpiga picha. Kisha dada mmoja wa kizungu, aliyekuwa amejifunza Kiswahili kidogo, akamuuliza taratibu, "Mama, wewe una watoto?"

Mama akaniangalia. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Nilitamani anitaje, nilitamani asinitaje, vyote kwa wakati mmoja.

"Ninaye mmoja," akasema. "Yuko mjini."

Tulipokwisha kuondoka, mzee Magesa, ambaye alimfahamu mama vizuri, akaniinamia sikioni. "Nikigeuza sasa hivi, utashuka useme?"

Niliwatazama wageni wangu, wamefurahi, wananiamini. "Tutachelewa, mzee," nikamjibu. Hakuniuliza tena, si siku hiyo wala nyingine yoyote.

Sikulala vizuri wiki nzima. Safari iliyofuata niliwaambia wageni wapya ukweli tangu tunang'oa nanga, kwamba tunakwenda kwa mama yangu. Ufukweni hakuwepo. Nilimkuta nyumbani, akanipakulia ugali, akaniuliza habari za kazi, hakunigombeza hata kidogo. Nikamsihi ashuke, wageni wanataka kumsalimia.

"Nenda, baba," akasema. "Nisije nikakuharibia."

Miaka yote niliyofanya kazi ile hakushuka tena boti yangu ilipofika. Nilimbembeleza, nikamletea kitenge kipya, wapi. Laiti angenikasirikia! Alikuwa ananilinda na aibu niliyomfundisha mimi mwenyewe. Sasa yuko kaburini, na mimi mzee mzima nikiliona tanga jeupe kule ziwani moyo unaniuma, natamani nirudi siku ile nimshike mkono mbele ya watu wale.

Basi, mwanangu, utakapokuwa mbele ya watu unaotaka wakuheshimu, mtaje mama yako akiwa amesimama hapo, anasikia. Usingoje avae vizuri, wala usingoje wageni wengine. Ukichelewa utawaambia watu tu, yeye hayupo kusikia, na mimi nimeshawaambia wengi. Mungu akupe ulimi mwepesi siku hiyo, akuwekee mama karibu, akusikie ukisema ni wako.