Habari Nilizozitoa Bausher

Watu wengi waliorudi Oman kutoka Afrika walishuka na masanduku, mabusati na vyombo vya shaba. Mimi nilishuka na shanta mgongoni, viatu vizito vya kupandia milima, na ndevu ambazo mama yangu alizikagua kwanza kabla hajanikumbatia. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1970, sultani mpya alipokwisha kuwaita watu wa Oman walioko nje warudi. Ndege ndogo ilitutua kwenye kiwanja cha vumbi pale Ruwi, katikati ya majabali, nami nikateremka ngazi kifua mbele, utadhani nimekuja kuinunua nchi.

Sioni haya kusema kwamba nilijiona. Nilikuwa na sababu. Mwaka 1964, serikali ya kwetu Unguja ilipopinduliwa, nilikuwa masomoni Ulaya. Ada ilikatika, na pasipoti yangu ikawa ya nchi isiyokuwapo tena. Mama, mjane wa siku nyingi, alipata nafasi katika meli iliyomleta Maskati kwa jamaa za marehemu baba. Mimi nikabaki Kopenhagen. Wadenmaki walinipa kitabu cha safari cha watu wasio na nchi, nikapata na kazi ya kuosha sahani hotelini. Baridi yote nilikuwa naosha sahani. Joto likirudi, natia shanta mgongoni na kwenda zangu kuitazama miji ya kale.

Wenzangu wengi walikusanyika London, wakawa wanaililia Unguja pamoja jioni kwa jioni. Siwalaumu, lakini mimi kulia kwa kundi sikuwezi. Nilijiambia kwamba ikiwa mji wangu wa mawe umenifungia mlango, basi nitaingia katika miji ya mawe ya wenzangu, nione wao wamepitia nini.

Na niliona. Visby, katika kisiwa cha Wasweden, niliuzunguka ukuta wa mji wote kwa miguu, na nilipofika nilipoanzia nikauzunguka tena kwa ubishi tu. Tallinn nilipotea vichochoroni kwa raha, kwa sababu vilikuwa vyembamba kama vya kwetu na watu walikuwa wakizungumza dirisha kwa dirisha. Gdansk, bandari ya Wapolandi, niliwakuta mafundi wakiijenga upya mitaa iliyosagwa na vita, nyumba moja baada ya nyingine, wakifuatisha picha za zamani. Fundi mmoja alinipa tofali nilishike. Nililishika muda mrefu, nikaona uchungu wa kwetu, na pia nikaona wivu.

Nilikuwa nalala kwenye hosteli za vijana, kwenye vituo vya treni, na mara moja kwenye ghala la viazi. Nilikuwa mweusi kuliko kila mtu barabarani, nikikodolewa macho tangu asubuhi, na sikuwahi kuinamisha kichwa. Hilo hata leo najipongeza nalo.

Basi nilipofika kwa mama, katika chumba alichopewa Matrah, nilidhani safari imekwisha. Mama alinikalisha chini akanambia yalivyo. Aliyetoka Afrika alitakiwa apate mkubwa wa ukoo wake wa kusimama mbele ya wali, yaani liwali wa serikali, na kusema kwamba huyu ni wetu. Mkubwa wa ukoo wetu alikuwa ami yangu, kaka yake baba, aliyekuwa akiishi Bausher.

"Ami yako hajakutia machoni hata siku moja," mama alisema. "Na watu washamtia maneno. Ati umekaa na makafiri, umekula nguruwe, kusali ushasahau. Wengine wanasema hata si mtoto wa babaako, kijana tu aliyeokota jina. Asipokukubali, mwanangu, utarejea huko huko kwenye baridi, na mie nnakwambia kweli, sina umri wa kukungoja tena."

"Atakachoniuliza n'tamjibu chote, mama."

"Kwa adabu."

"Kwa adabu."

Siku hizi Bausher ni majumba ya kifahari, maduka makubwa na foleni za magari. Wakati ule ilikuwa mitende na nyumba za udongo chini ya mlima, na Land Rover ilitutikisa mifupa mpaka tukafika. Mama aliingia kwa wanawake, upande wa pili wa ukuta. Mimi nikaingia barazani, nikavua viatu vyangu vya milima, nikawapa mkono wanaume wote waliokaa wameegemea kuta pande zote. Ami alikuwa mrefu, mkavu, ndevu nyeupe, jambia kiunoni. Mkono wake haukunishika wala haukunikataa. Nikaonyeshwa pa kukaa, zikaja tende, zikaulizwa hali na afya, na kote nikajibu kheri, alhamdulillahi.

Kisha hata waliokuwa wakitafuna waliacha. Ami akaniangalia usoni akasema kwa Kiarabu, taratibu: "Haya, tupe habari."

Nikajua ndiyo hukumu yenyewe hiyo.

Wallahi, laiti ningekuwa na mtu wa kunifinya. Kule kuchukua habari ni ada ya Oman. Mgeni akishatulia huulizwa habari rasmi, mbele ya wote, na jibu lake ni moja tu: hakuna habari ila za kheri. Hata kama nyumba yako imeteketea jana, unasema kheri kwanza, na habari ya moto utaileta baadaye polepole. Mama hakunambia kwa kuwa hajapata kuketi katika baraza ya wanaume, na mzaliwa wa Unguja angeyajulia wapi? Mimi nilidhani naulizwa nilikokuwa miaka sita yote ile. Nikakohoa, nikajiweka sawa, nikawapa habari.

Niliwapa zote. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, kile cha Kurani, na pale kilipotoboka nilikitia kiraka cha Kiswahili. Niliwapa Visby na ukuta wake, Tallinn na vichochoro vyake. Niliwapa Krakow, mji ambao mtu hupanda juu ya mnara kila saa akapiga tarumbeta kuelekea pande zote nne, na nikasema kwamba mara ya kwanza kumsikia nilisimama njiani nikitafuta pa kutawadha. Wanaume walikuwa wakitazamana. Mimi niliona wanastaajabu, nikazidi kunoga.

"Na kusali?" aliniuliza mzee mmoja mwenye miwani, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwa na jibu lake.

"Nimesali," nikamjibu. Nikamhadithia kijiji kimoja mashariki ya Poland, ndani ya msitu, chenye msikiti wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Waislamu wake wako pale karne na karne, weupe, macho ya samawati, Kiarabu hawajui ila cha kwenye sala. Ijumaa niliyoingia, imamu aliposikia kwamba watu wangu ni wa Oman, alinivuta safu ya mbele. "Mie niloosha sahani za watu," nikasema, "nimesimama safu ya mbele kwa sababu ya nyinyi." Mzee akavua miwani akaifuta.

Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimeshapanda juu na kushuka sikujui.

Nikawaambia habari ya Kopenhagen, ambako kuna mnara usio na ngazi. Ndani yake ni njia pana inayozunguka mpaka juu, na wenyewe hujisifu kwamba zamani mfalme wa Urusi alipanda na farasi wake. "Basi kila wakinambia hivyo," nikasema, "mie nnawajibu, hicho si kitu. Kwetu Bausher, nyumba ya babu yangu ina mnara wa ghorofa saba, na punda anapanda kila asubuhi na maji ya walinzi. Farasi wenu kapanda mara moja. Punda wetu kila siku. Kote nilikopita nimewaambia hivyo, na hakuna aliyeweza kunijibu."

Nikanyamaza nipokee sifa zangu.

Mtu mmoja karibu na mlango alicheka. Akafuata mwenziwe. "Mnara gani?" akauliza mwenye miwani, na baraza nzima ikaangua kicheko. Nikageuka dirishani. Kulikuwa na ua wa udongo, mitende, kamba ya nguo, na nyumba ya chini niliyomo. Kilichokuwa kirefu kuliko vyote ni mtende mmoja uliopinda. Nilikuwa nimeingia kwa miguu yangu na macho yangu, na tangu asubuhi sikuwa nimejiuliza mnara uko wapi. Alinisimulia baba mwenyewe, mimi mdogo nimelala mkekani, na maneno ya baba sikuwahi kuyatia katika mizani.

Uso uliniwaka. Nilisikia upande wa pili wa ukuta wanawake wamenyamaza, na mama yangu kati yao. Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi damu ilinipanda, nikasimama, na Kiarabu chote kikanitoka kichwani.

"Baba yangu hakuwa mwongo!" nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kugomba. "Kaniambia na punda mwenyewe alivyokuwa! Mweupe, na sikio lake moja limekatika ncha!"

Kicheko kilikatika. Si kwa sababu yangu. Ami alikuwa ameinua mkono.

"Sikio gani?" aliniuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, cha Unguja kabisa. Sikujua kama anakisema. Kumbe ujanani alikwenda kule misimu ya karafuu, na tangu arudi hakumpa mtu neno moja la lugha ile.

"La kushoto."

Akachezea ndevu zake. Mimi kukaa sikukaa.

"Punda yule alikuwa wangu," akasema. "Mbwa ndo aliyemkata lile sikio. Mnara ndo haukuwapo. Tukilala juu ya dari, mie na babaako, ananihadithia huo mnara mpaka usingizi unichukue, na kila siku anaongeza ghorofa. Nnamwambia nyamaza, hanyamazi. Mambo hayo hapana alopata kuyasikia ila mie."

Akawageukia wanaume, akarudi kwenye Kiarabu chake kikavu. "Kesho nakwenda kwa wali. Huyu ni mtoto wa ndugu yangu. Kwa sura sikuwa na hakika, lakini kwa kupiga chuku ni yeye mtupu. Kuna mwenye neno?"

Upande wa pili wa ukuta nilimsikia mama akilia kwa nguvu, bila kujizuia. Mimi nilikuwa nimetangazwa mtoto wa mwongo mbele ya wazee wa ukoo wangu, na sikumbuki siku niliyoona fahari kama ile, si mbele ya ukuta wala mlango wa mji wowote.

Nikataka kurudi pale nilipoonyeshwa kukaa, mahali pa mgeni. Ami akanizuia. Kahawa ilikuwa imeletwa, na katika baraza zile mgeni haguswi na kazi ya kumimina. Humimina mtoto wa nyumba.

Akanitia dele mkononi.

"Wape wageni kahawa," akasema. "Anzia kuliani."