Hema la Makangaga

Nahashon Ndirangu alikuwa karani wa kiwanda kimoja cha kuchambua pamba pale Malindi, mtu mnene, mpole, asiyeweza kuanza kazi mpaka kalamu zake zimelala sambamba mezani. Alizaliwa kando ya mto wa baridi huko Nyeri, na kazi ndiyo iliyomleta pwani mwaka 1979. Alizoea yote: joto, wali wa nazi, hata chumvi iliyokuwa ikila bawaba za milango. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha, kuyakosa makangaga ya mtoni kwao, mimea ya kivulini yenye vikonyo vyeusi vyembamba kama nywele.

Basi likizo ya Desemba 1985 alirudi Malindi na mikebe kumi na miwili ya makangaga, imefunikwa taulo bichi, kaipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Mkewe Easter alibeba viazi, maana lazima nyumbani awepo mtu mwenye akili.

Januari kaskazi ikavuma, kavu, yenye chumvi, ikaingia sebuleni bila hodi. Kwa wiki moja makangaga matatu yakawa kama tumbaku.

"Yanataka unyevu," Nahashon akasema kwa uchungu.

"Hata mimi nataka mengi, Baba Wanjira," Easter akajibu.

Kwanza Nahashon aliyafunika kwa chandarua cha kitandani. Asubuhi yake Easter aliamka uso umevimba kwa mbu, na makangaga yamenyauka vilevile, kwa kuwa chandarua huzuia mbu, hakizuii upepo. Kisha akaazima turubai la lori kwa Dzombo, dereva wa kiwandani. Humo unyevu ulipatikana, tena na ukungu juu yake, lakini giza likayafanya majani kuwa meupe kama yameona jini. Sebule nzima ikanuka dizeli.

Jumamosi akaenda dukani kwa Abdulghani, aliyeuza kamba, turubai na vifaa vya kambi.

"Nataka hema," akasema kwa sauti ya chini.

"Karibu, bwana karani. La watu wangapi?"

Nahashon akaona haya kutaja majani. "Tisa."

"Wakubwa au watoto?"

"Wafupi." Akaonyesha kwa mkono, usawa wa goti.

Abdulghani akautazama ule mkono. "Watalala humo?"

"Hapana. Watasimama."

"Wanatoka wapi?"

"Nyeri."

"Bwana karani," Abdulghani akasema polepole, akiweka chini kikombe chake cha kahawa, "watu tisa wafupi kutoka Nyeri watasimama ndani ya hema nyumbani kwako. Mkeo ana habari?"

Ikabidi aseme kweli. Abdulghani alicheka mpaka kofia ikamwanguka, lakini alikuwa mfanyabiashara, na mteja ni mteja. Akamsimamishia hema la kijani la watalii, lenye vidirisha na zipu. Nahashon akatambaa ndani na gazeti, apime mwanga kwa kusoma, akajifungia zipu ili aupime na unyevu. Unyevu aliupata upesi, wake mwenyewe. Lakini herufi hakuziona, na alipotaka kutoka zipu ikagoma. Wateja wawili wakasimama kutazama hema likitikisika na kusema "samahani". Abdulghani akamtoa kwa koleo.

"Hili silichukui," Nahashon akasema huku akijifuta jasho.

Akachukua nailoni nyeupe, ile inayoonyesha upande wa pili, pande zima. Menza seremala akamtengenezea kiunzi cha fito za mikoko, kirefu kama mtu, na mlango wa pazia. Ndani akaweka makarai ya maji na kokoto, na mikebe juu yake. Siku ya tatu nailoni ikatoa jasho. Siku ya kumi kangaga moja likachipuza jani jipya, limejikunja kama ngumi ya mtoto, na Nahashon akachelewa kazini kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Habari zikamfikia Bi Shekha, mwenye nyumba. Akaja alasiri na buibui lake, hakusubiri kukaribishwa.

"Shikamoo, Bi Shekha," Nahashon akasema, kijasho kikimtoka.

"Marahaba. Naambiwa umejenga chumba ndani ya chumba changu."

"Si chumba, Bi. Ni hema la majani."

Bi Shekha akafunua pazia, akaingia. Easter akamkonyeza mumewe, kwamba waanze kufunga virago. Punde sauti ikatoka ndani, laini kuliko walivyoizoea:

"Easter, mwanangu, hebu niletee kiti."

Tangu siku hiyo Bi Shekha alikuja kila alasiri na tasbihi yake, akakaa humo kimya, miguu karibu na karai. Alisema kifua chake kinafunguka. Easter alinung'unika kwa kumchemshia chai mtu aliye ndani ya nailoni, kisha siku moja Nahashon alirudi kazini akawakuta wote wawili humo, wakicheka, nywele zimelowa.

Masika ilipoingia, nje kote kukawa na unyevu wa bure. Nahashon akataka kulibomoa hema.

"Lisiguswe," Bi Shekha akasema. "Wewe ni mpangaji tu."

Mwaka 1989 kazi ikamhamishia Kilifi, wakapata nyumba Kibarani. Bi Shekha alimruhusu kuondoka na makangaga manne. Mengine matano na hema akayazuia, wala Nahashon hakuthubutu kubisha. Hema jipya alilichagua Easter mwenyewe. Alipima nailoni kwa mikono yake, akamsimamia fundi tangu asubuhi, na mumewe alipouliza kwa nini limekuwa kubwa hivyo kwa mikebe minne, alimwambia ashike ile fito na aache maswali: viti viwili vilikuwa tayari mlangoni, vikingoja kuingizwa.